Nakala ya Ishirini na Moja

Wino alijua kuna jambo pale Mfamasia alipopita chini ya kamba ya picha bila kuinua macho. Kwa miezi kumi na minne mwanamume yule hakuwahi kuingia karakanani bila kusimama kwanza chini ya kamba ile, mikono nyuma, akizitazama nakala mbichi zilizobanwa kwa vibanio vya nguo. Leo alikwenda moja kwa moja kwenye kiti cha wateja, akakaa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, kisha akaivua tena.

"Sema," Wino alimwambia, huku akiendelea kusukuma rola juu ya kioo cha wino mweusi.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti. Tangu alipoanza kuchonga mbao na kuzichapa kwenye karatasi, baba yake alimwita Wino kwa sababu ya kucha zake, na jina likamganda. Hakulionea haya. Kuna wanawake wanaoficha mikono yao mezani. Wino aliiweka juu, watu waione.

"Mama amesema Jumamosi haji," Mfamasia akasema.

Rola ilisimama. Jumamosi ndiyo siku ambayo mama yake Mfamasia na baba yake Wino walikuwa wakutane kuipanga harusi. Viti vilikwisha azimwa kwa majirani. Baba mtu alikuwa amenunua shati.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ile picha yake imeharibika, anataka nyingine."

Picha yenyewe iliitwa Viatu Mlangoni. Ilionyesha kizingiti, kipande cha pazia, na viatu vya mwanamume, kimoja kimesimama na cha kushoto kimelala ubavu. Vilikuwa viatu vya baba yake Wino, muuguzi mstaafu, aliyekuwa akirudi zamu amechoka hata nguvu za kuvipanga hana. Wino alizichapa nakala ishirini, akaziandika namba na jina lake kwa penseli moja moja, na zote zilipata wenyewe. Namba moja ilikuwa kwa baba yake, na mzee alikuwa ameapa kuzikwa nayo. Namba nne aliinunua Mfamasia, kabla hata hawajajuana majina, akampelekea mama yake.

Wino aliuliza imeharibikaje. Mfamasia akasema mama hasemi. Ameificha nyuma ya kabati, na ukimuuliza anakutazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Alichosema ni kwamba, kama mkamwana anashindwa kumchapia karatasi moja leo akiwa na nguvu zake, siku mama akilala kitandani ni nani atakayemgeuza ubavu.

Wino alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaacha.

"Zilikuwa ishirini, na zimekwisha. Wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote."

"Nakala zimekwisha. Ubao upo."

Wote wawili waliitazama rafu ya juu. Ubao ulikuwa pale, umeviringishwa kwenye shuka kuukuu, na hapo Wino alijua kosa lake mwenyewe. Kwa mafundi wa kazi ile, nakala zilizoahidiwa zikishatimia, ubao hukatwa mstari wa patasi kutoka pembe hadi pembe, usiweze kuzaa tena. Alipaswa kuukata miezi mitatu iliyopita. Mara mbili aliuteremsha, na mara mbili mkono ulikataa. Vilikuwa viatu vya baba yake.

"Karatasi moja tu, Wino," Mfamasia akasema kwa sauti ya chini. "Usiiandike namba. Pale pembeni pawe patupu. Nani atajua?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko ambavyo angechomwa na mtu mwingine, kwa sababu ya siku waliyokutana. Ilikuwa kwenye maonyesho. Wageni wote walirudi nyuma hatua mbili kuitazama picha, isipokuwa mwanamume mmoja aliyeinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akichungulia pembe ya chini. Wino alikwenda kumtoa nishai. Alimwambia bei iko ukutani, kaka, huko chini hakuna bei. Mwanamume akainuka, akarekebisha miwani, akajibu kwamba hasomi bei, anasoma ahadi. Alikuwa akikusanya picha za kuchapwa tangu mshahara wake wa kwanza. Sasa alikuwa nazo sita, ukuta mmoja. Namba ile ya penseli, alieleza, inamwambia kwamba duniani wako watu kumi na tisa na yeye, basi, na alitaka kujua kama mwenye mkono ule ni mtu wa kutimiza neno. Halafu akamtazama Wino machoni, akasahau kuondoka. Wino alimpenda palepale, kwa jibu lile, ingawa alimzungusha wiki saba kabla ya kukubali hata kunywa naye chai.

Sasa ndiye huyu, ameketi kwenye kiti cha wateja, anauliza nani atajua.

"Mgonjwa akija dukani kwako," Wino akasema, "dawa yake imekwisha. Una nyingine ya kufanana nayo, chupa haina lebo. Unampa?"

"Si kitu kimoja. Dawa inaweza kuua. Hii ni karatasi."

Alijutia neno hilo kabla halijatua, uso wake ulionyesha. Lakini lilikwisha toka, na Wino akampa vidonge vyake bila kupandisha sauti.

"Miezi kumi na minne unanipenda kwa ajili ya karatasi. Leo ndiyo umegundua ni karatasi?"

"Wino, mimi niko katikati. Yule ni mama yangu, na sina mwingine."

"Na mimi nina watu kumi na tisa waliotoa pesa zao kwa neno langu. Mmoja ni mshona viatu, alilipa kwa miezi mitano. Niende nimwambie nini? Kwamba niliposema ishirini nilikuwa natania, kwa sababu nataka kuolewa?"

Mfamasia alisimama, akanyoosha mkono kuugusa wake, na Wino akauondoa mezani. Haikuwa hasira. Aliona kwamba akiguswa tu atalia, na hakutaka kulia mbele ya mtu aliyemkosea.

"Nenda kazini, wateja wanakusubiri."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi itafika hata usipoiulizia."

Siku mbili hawakupigiana simu. Wino alichapa, akaning'iniza, akaosha rola, na kila mlango ulipolia moyo ulimwenda mbio kisha ukarudi mahali pake kwa aibu. Alikuwa na hamu na mtu yule mpaka akaona haya. Alikikumbuka hata kile kikohozi chake kidogo cha kukagua kazi. Lakini kila alipowazia kuupaka ule ubao wino kwa mara ya ishirini na moja, vidole vyake vyenyewe vilikataa.

Siku ya pili, chakula kikiwa mezani, baba yake aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na namba moja akiikumbatia kifuani. Aliiweka mbele ya binti yake, akasema mpelekee yule mama, mimi viatu vyenyewe ninavyo. Alisema kwa uchangamfu kabisa, ila hakuitazama picha wakati akiisema.

"Irudishe ukutani, baba," Wino akamwambia. "Siolewi kwa kukuvua wewe viatu."

Usiku ule aliamua. Alhamisi asubuhi akaupakia ubao kwenye mkoba, na patasi, kopo la wino, rola ndogo, karatasi moja nzito ya pamba na kijiko cha mbao, akaenda kwa mama mtu bila kumwambia yeyote.

Mama yake Mfamasia alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na tisa, na kustaafu kulimtoa shuleni bila kuitoa shule ndani yake. Sebule yake ilinyooka. Vitabu vilipangwa kwa urefu, na kwenye kikombe mezani kulikuwa na penseli tano zilizochongwa ncha sawasawa. Wino alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba fupi. Macho ya mama yalishuka kwenye kucha zake, yakapanda, yakahamia kwenye mkoba.

"Umeniletea?"

"Nimekuja kuiona iliyoharibika kwanza, mama. Fundi hatibu asichokiona."

Walitazamana. Wino alijiona mtoto wa darasa la pili, ila hakuketi mpaka mama alipogeuka. Kutoka nyuma ya kabati ikatolewa fremu, imefungwa kwenye kanga. Mama aliifungua taratibu, akaielekeza dirishani, akatazama pembeni.

Viatu vilikuwa salama. Chini yake, upande wa kulia, karatasi ilikuwa imesuguliwa mpaka ikatoa manyoya, ikalowa, ikakauka na alama ya maji, na katikati ya alama hiyo palikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba. Namba haikuwapo, wala jina.

"Palikuwa na uchafu," mama akasema. "Mtu alikuwa amechorachora kwa penseli. Nikajua ni fundi wa fremu, hawa vijana hawana adabu. Miaka ishirini na tisa nafuta michoro ya watoto kwenye vitabu, nitaacha ukutani kwangu? Nikatoa picha, nikachukua kifutio. Hakikutosha. Nikatia maji ya sabuni."

Wino aliuma mdomo. Kicheko kilikuwa kinapanda na machozi nyuma yake, na hakujua kipi kitatangulia.

"Mama," akasema polepole, "ulifuta jina langu."

Shingo ya mama, ambayo haikuwahi kuinama mbele ya mkaguzi wa shule yeyote, iliinama kidogo.

"Jina la mtu huandikwa kwa kalamu," akasema, lakini hakuwa na nguvu. "Kwa nini penseli?"

Wino akamweleza. Kalamu inaweza kuigwa na mashine. Penseli ni lazima mkono wa fundi uwe umepita pale, kwenye kila karatasi. Ndiyo dalili kwamba aliitazama nakala ile, akaikubali, akaihesabu.

Mama alisikiliza, kisha akasema jambo ambalo mwanawe hakuwahi kulisikia. Mume wake alikuwa akivua viatu vivyo hivyo, kimoja kinasimama, cha kushoto kinalala. Alimgombeza kwa hilo ndoa nzima. Alipofariki, aliviacha mlangoni miaka mitatu bila kuvinyoosha. Siku alipoletewa picha ile alikaa nayo mapajani mpaka jua likazama.

"Kwa hiyo siitaki hii yenye tundu," akamalizia, sauti ikirudia ukali wake kwa sababu ilikuwa imekaribia kuvunjika. "Tundu hili ni ujinga wangu, nitautazama kila siku. Nichapie safi, sitaigusa tena. Karatasi moja. Nani atajua?"

Wino angeweza kusema ndiyo. Wino alitaka kusema ndiyo. Mama wa watu alikuwa amemfunulia moyo wake, na harusi ilikuwa hapo, umbali wa neno moja.

"Mimi nitajua," akasema. "Tundu nitaliziba kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga, litashika kuliko karatasi yenyewe. Namba nitairudisha, kwa sababu hii ni ya nne kweli. Lakini ya ishirini na moja sichapi, mama. Hata kwako. Hata Jumamosi isipokuwepo."

Mama mtu alisimama wima. Haikujulikana angesema nini, kwa sababu mlango ulifunguliwa, na Mfamasia akaingia na koti lake jeupe, amekuja kula chakula cha mchana kama kawaida yake. Alimwona Wino, akashikwa na butwaa, ufunguo mkononi.

"Umekuja vizuri," mama akamwambia. "Mchumba wako ananinyima karatasi moja."

Mfamasia alitazama tundu. Alimtazama Wino, aliyekuwa amesimama kidevu juu na macho yamejaa maji. Ufunguo ukaingia mfukoni.

"Mama, darasa la sita nilikosa alama moja."

"Hilo linahusu nini?"

"Alama moja tu nipande. Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Nililia, nikakuomba uniongezee, nikakuuliza nani atajua. Ulinijibu nini?"

Mama alilijua jibu, na alikuwa amelisikia hapohapo sebuleni, dakika haijapita, kutoka kwenye mdomo wa msichana mwenye kucha nyeusi.

"Nilirudia mwaka mzima," Mfamasia akaendelea. "Nilikuchukia mpaka likizo ya pili. Halafu nikaanza kujivuna, kwa sababu shule nzima ilijua cheti chenye jina lako hakina uongo. Juzi nilikwenda kumwomba yeye kile ulichoninyima wewe. Aliyekosa hapa ni mimi, si yeye."

Wino hakungoja mama aseme. Aliutoa ubao kwenye shuka, akauweka juu ya meza, akashika patasi. Akasema leo anafanya alichopaswa kukifanya zamani, ili mtu asimwombe tena, na yeye asijiombe. Aliweka ncha pembeni. Akaona kiatu cha kushoto kimelala ubavu. Mkono ukakataa, mara ya tatu.

"Lazima ipite kwenye viatu?" mama akauliza.

"Isipopita, mtu anaweza kuficha mkato na kuchapa."

"Lete hapa."

Mama aliipokea patasi kama alivyokuwa akipokea chaki. Mkono wake wa kushoto ulikaza ubao, wa kulia ukasukuma, na mkato ukaenda pembe hadi pembe, umenyooka, kupitia kizingiti, kupitia ngozi ya viatu vyote viwili. Alipomaliza alipuliza unga wa mbao, akaketi, akafuta macho kwa ncha ya kanga bila kujificha.

Wino akapaka wino, akalaza karatasi, akasugua mgongoni kwa kijiko cha mbao. Ndivyo ifanywavyo, ubao uliokatwa huchapwa mara moja, iwe ushahidi kwamba umekufa. Karatasi ilipobanduliwa, viatu vilikuwa vyeupe kwa weusi kama zamani, na mstari mweupe mwembamba umepita juu yake.

Mfamasia alimsindikiza mpaka getini, akimbebea mkoba. Hakuwa na maneno ya kupendeza, na Wino alishukuru.

"Siku ile kwenye maonyesho nilijua nanunua nini," akasema. "Juzi nikasahau. Nisamehe."

"Uliniumiza."

"Najua. Nilikuona ulivyouondoa mkono." Akakohoa kile kikohozi chake. "Hii yenye mstari, naitaka."

"Haiuzwi."

"Sinunui. Naomba."

Wino alimtazama, mtu yule wa miwani na koti jeupe, na kiburi chote cha siku mbili kikamwisha, kikabaki kile kizuri tu.

"Utaiona kila siku," akamwambia, "ukutani kwetu." Safari hii mkono wake aliuacha uguswe, na vidole vya Mfamasia vikaondoka navyo vina wino.

Jumamosi mama mtu alifika dakika tano kabla ya wakati, amebeba namba nne mwenyewe. Kiraka alichokibandika Wino Alhamisi ileile kilikuwa kimekauka siku mbili chini ya kamusi zake. Alikataa kuketi. Aliisimamisha picha kwenye kiti kilichoazimwa kwa ajili yake, mbele ya baba yake Wino, shangazi wawili na majirani waliokuja kuona tu, akazungumza kwa sauti iliyowahi kunyamazisha wanafunzi mia sita.

"Hii ni ya nne kati ya ishirini. Hapa chini pana kiraka. Niliharibu mimi, kwa kufuta nisichokijua, na fundi wake ameziba. Nilimwomba anichapie nyingine, akanikatalia usoni, ndani ya nyumba yangu. Ya ishirini na moja haipo. Ubao wake nimeukata kwa mkono huu."

Baba yake Wino alifungua mdomo kusema kwamba viatu vile ni vyake. Wino akamkanyaga mguu chini ya meza, na mzee akaufunga.

Mama alifungua mkoba, akatoa penseli, akampa Wino. Wino akainama, na juu ya kiraka, mkono ukiwa mtulivu kabisa, akaandika nne kati ya ishirini, na jina lake lote. Mama aliinama pamoja naye, akasoma herufi kwa herufi.

Kisha akatia tena mkono ndani ya mkoba, akatoa kifutio kilicholika upande mmoja, akakiweka kwenye kiganja cha Wino, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Na hiki kaa nacho wewe, mwanangu," akasema. "Nyumbani kwangu hakina kazi tena."